Bamvua ya K'gari

Barabara kuu ya kisiwa cha K'gari haina lami, haina taa, na mara mbili kwa siku inafunikwa na bahari. Ni ufuko wa mashariki wa kisiwa, unaoitwa 75 Mile Beach, na kisheria ni barabara kama ilivyo ile ya Chalinze kwenda Segera. Trafiki wapo na wanapima ulevi, mwendo wa mwisho ni kilomita 80 kwa saa, unapita kushoto, na ndege ndogo ikishuka mbele yako unaipisha, maana ufuko huohuo ni uwanja wa ndege pia. Nilipoelezwa haya hosteli, jioni ya maelekezo, nilicheka peke yangu. Mimi nimezaliwa Pangani. Kwetu mtu akiegesha gari chini ya mstari wa maji kujaa, watoto hukaa kando kungoja kitakachotokea.

Kisiwa kiko pwani ya Queensland, Australia, kaskazini ya Brisbane. Kina urefu wa kilomita 120 na ushei, na hakuna kisiwa cha mchanga kikubwa kama hicho popote duniani. Karibu chote ni mchanga mtupu, na bado juu yake umeota msitu wa mvua wenye miti ambayo watu wawili hawaifumbati, na vilima vya mchanga vimeshika maziwa ya maji baridi. UNESCO ilikiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1992. Ramani zilikuwa zikikiita Fraser, jina la nahodha aliyefia huko mwaka 1836 baada ya meli yake kuvunjika. Mwezi Juni 2023 serikali ya jimbo ilikirudishia rasmi jina la wenyewe, Wabutchulla, ambao husimulia kwamba K'gari alikuwa roho aliyesaidia kuumba nchi ile, akaipenda, akaomba abaki, akageuzwa kisiwa, na yale maziwa ndiyo macho yake ya kutazamia mbinguni.

Safari ile haikuwa wazo langu. Nilipelekwa na mdogo wangu wa Logan, na udugu wetu si wa damu. Logan ni mji ulioshikana na Brisbane upande wa kusini, na umepokea Wakongo na Warundi wengi waliopitia makambi ya Kigoma, kwa hiyo ukienda kununua unga wa muhogo unasalimiwa kwa Kiswahili. Yeye alizaliwa Fizi, akakulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na sasa anaendesha gari la kusambaza mizigo. Ananiita dada kwa sababu namzidi umri, na kwa sababu nilimsaidia mama yake kujaza fomu za hospitali. Ndiye aliyelipia nafasi mbili kwenye msafara wa vijana wa begi mgongoni, akaja kuniambia, "Dada, wewe umekuwa kama mtu amelala macho wazi. Twende tukaone mchanga."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Baba yangu, mvuvi wa Pangani, alifariki alfajiri ya Ijumaa. Kwangu ilikuwa adhuhuri. Sikuwa na nauli, na hata ningekuwa nayo nisingewahi, maana alizikwa siku ileile baada ya swala ya Ijumaa. Saa za Brisbane zinatangulia zetu kwa saba, hivyo wakati watu wanatia udongo kwangu ilikuwa saa mbili usiku, nimevaa sare, niko kazini katika nyumba ya kulelea wazee. Nilikuwa nikimkausha mgongo mzee mmoja aliyetoka kuoga. Ngozi yake nyembamba, ina madoa, lazima uiguse kwa taulo bila kusugua. Simu ilitikisika mfukoni, nikajua ni kaka ananiambia wamemaliza. Nikaendelea na vidole vya miguu, katikati ya kimoja hadi kingine, kama tulivyofundishwa.

Baada ya hapo nilifanya kila kinachotakiwa. Rambirambi zilikuja kwa simu, nikazijibu moja moja. Mchana darasani, usiku kazini. Hitima nikasema nitaisoma nikipata siku ya mapumziko, na kila mapumziko yalipokuja nikauza zamu. Mwenye msiba nyumbani hulazwa chini na wanawake wenzake, hulishwa, huzuiwa hata kufagia, hadi siku ya kuanua matanga aambiwe sasa inuka. Mimi hakuna aliyenilaza, kwa hiyo hakuna aliyekuja kuniinua.

Basi tukaenda. Utaratibu wa misafara ile ni kwamba vijana, wengi wao wa Ulaya wanaozunguka Australia huku wakifanya vibarua mashambani, hukusanywa na kupangwa kwenye Land Cruiser kadhaa, zile ndefu zenye mkonga wa hewa ubavuni. Gari la mbele ni la kiongozi. Yanayobaki mnaendesha wenyewe kwa zamu, mkimfuata, na kila gari lina redio koli. Zamani vijana walikabidhiwa ufunguo na ramani, basi. Mwaka 2009, baada ya magari ya kukodi kupinduka na kuua, serikali ilikaza kamba: gari moja lisizidi watu 8, mzigo usipandishwe juu ya paa, mwendo ushushwe, na ndani ya msitu usipite 30. Kiongozi wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya kukatiza upepo, alitusomea masharti haya kama anayetusomea hukumu. Tena akayarudia asubuhi, mbele ya pantoni, huku akitusimamia kupunguza upepo wa matairi hadi yakabonyea. Tairi lililojaa, alisema, linakata mchanga kama kisu. Likilegea linatandaza uzito.

Masharti mengine yalihusu dingo, mbwa mwitu wa huko. Ni wembamba, rangi ya udongo, na hawabweki bure. Mwaka 2001 walimuua mtoto wa miaka 9 kisiwani, na kumpa dingo hata ganda la mkate ni kosa la faini nzito, maana anayezoea kulishwa na mtu humwendea mtu. Chakula kinafungwa ndani ya gari. Huendi peke yako hata chooni. Unapotembea unashika fimbo. Na baharini huogi, ingawa maji ni ya buluu ya kushawishi. Papa wapo, mikondo inavuta, mwokoaji hakuna.

Siku ya kwanza ilikuwa ya maziwa na sina malalamiko nayo. Ziwa McKenzie, ambalo Wabutchulla huliita Boorangoora, ni maji ya mvua yaliyotulia juu ya kilima cha mchanga, na mchanga wake ni mweupe hata unafikiri umemwagiwa chumvi. Wenzangu walipiga picha hadi simu zikaisha chaji. Msituni tukaonyeshwa miti ya satinai, ambayo mbao zake haziozi majini na zilisafirishwa hadi mfereji wa Suez, kabla ya ukataji kusimamishwa kabisa mwaka 1991. Mdogo wangu alikaa ukingoni mwa ziwa na viatu vyake miguuni. Nilimwona, sikumwuliza.

Siku ya pili tulielekea kaskazini hadi Indian Head, jabali ambalo James Cook alilipa jina hilo mwaka 1770 baada ya kuwaona watu wamesimama juu yake. Ilikuwa Septemba, majira ya nyangumi wenye nundu kupita na watoto wao. Kutoka juu ya jabali ungewaona wanajirusha, halafu unasubiri, ndipo mshindo unafika. Hakuna aliyetaka kushuka. Kiongozi alitazama saa mara ya kwanza, akatazama mara ya pili. Kwenye kioo cha gari lake alikuwa amebandika jedwali la maji: kupwa saa nane mchana, kujaa saa mbili na dakika kadhaa usiku. Sheria ya ufuko ule ni kwamba unasafiri karibu na maji kupwa, na saa mbili tatu za kila upande wa maji kujaa uwe umeshapanda juu. Tuliondoka saa tisa na nusu. Nami nilikuwa nimeshaiona ile asubuhi: mwezi mpevu unazama upande wa msitu, na bahari imejaa hadi shina la vichaka. Bamvua.

Mchanga mgumu wa kupitia ni ule uliolowa, kati ya maji yenyewe na mstari wa juu. Bahari ikipanda, ule ukanda unapungua. Mkono mmoja mawimbi, mkono wa pili mchanga mkavu, na barabara yako inazidi kuwa nyembamba kama kanga iliyoingia maji. Gari letu lilikuwa la mwisho. Kijana wa Kiholanzi ndiye aliyekuwa usukani, dereva mzuri tu, na alikuwa ameambiwa mara kumi asikanyage maji ya chumvi. Wimbi lilipomjia alilikwepa. Akaingia kwenye mchanga mkavu, gari likapunguza mwendo kama lililoshikwa mkia, naye akafanya ambalo mguu wa mtu yeyote ungelifanya, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakatupa mchanga mithili ya mvua. Sauti ya redio ikaja kali: acha, acha, acha mafuta. Lakini chesisi ilishalala chini.

Kiongozi alirudi. Alitoka garini bila haraka, akainama, akatazama chini ya gari, akasema tuna kama saa moja. Akagawa makoleo mawili na mbao za plastiki za kuweka chini ya tairi. Asiye na koleo atumie mikono.

Watu wanadhani kunasua gari ni kusukuma. Kabla ya kusukuma unalipunguzia kwanza lilichokalia: unalala kifudifudi na kukomba mchanga chini ya tumbo la gari, na kila unachokomba nusu yake inarudi. Nilikuwa upande wa gurudumu la nyuma, shavu karibu na ekzosi iliyokuwa bado ya moto. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu, unapukutika. Kiganja kimoja chini yake ukawa baridi. Kiganja kingine, ukaanza kutoa maji. Nikajua bahari imeshafika chini yetu hata kabla ya kuonekana. Upande wa pili dada wa Kijapani alikuwa akikomba kwa kifuniko cha sufuria, haongei, anapumua tu. Povu la kwanza lilitugusa magoti, likarudi, likaacha uzi mweupe kwenye suruali yangu.

Mdogo wangu hakuwepo. Niliinua kichwa nikamwona juu, karibu na vichaka, amekumbatia deli la chakula, amekodoa macho baharini. Huyu ni mtu anayebeba friji ngazini peke yake. Wenzetu wawili walimpungia, akawa hawaoni.

Kiongozi akafunga mkanda wa kuvutia kutoka gari lake hadi letu, akatufukuza sote tukae mbali, maana mkanda ule ukikatika unaweza kuua. Ulinyooka, ukalia, gari likatikisika likakaa. Tukakomba tena. Wimbi likaingia chini ya milango. Safari hii gari lilipong'oka lilitoka lote kwa pamoja, likaburutwa hadi mguuni mwa kilima cha mchanga, na hapo likakataa kuwaka. Maji yalikuwa yamefika pasipotakiwa. Kulipandisha juu zaidi haikuwezekana. Mchanga wa pale haukushika tairi la gari lolote. Likabaki limeelekeza pua baharini, na magari mengine yakapandishwa kwenye kipito kilichokuwa nyuma ya vichaka, mahali palipotengwa kwa watu wa mahema.

Hema zetu, lakini, zilikuwa kambini, kusini, ng'ambo ya Eli Creek. Kijito kile humwaga baharini maji yanayofika lita milioni 4 kwa saa. Wakati wa maji kupwa unakivuka, wakati wa kujaa hukisogelei. Simu hazikuwa na mtandao. Kiongozi aliita kwa redio hadi akapata mtu wa kupeleka habari kwamba tu wazima. Kusafiri ufukweni usiku alikuwa amekatazwa na waajiri wake, na sikuona ubaya wa katazo hilo: gizani huwezi kujua mfereji uliokatwa na kijito mpaka gari limeshadumbukia. Basi tungengoja kuche. Tulikuwa na biskuti, matufaha, mikate iliyobaki mchana, dumu la maji, na taulo za kuogea zilizolowa.

Jua lilizama saa kumi na moja na nusu, na upepo wa kusi ukageuka baridi. Niliswali magharibi nyuma ya gari la kiongozi. Kwetu Pangani kibla ni kaskazini, na bahari unaiweka mkono wa kulia. Pale kibla kilikuwa upande wa msitu, mgongo nimeupa bahari, na katika sijida niliisikia inapumua nyuma yangu. Nilipotoa salamu mwezi ulikuwa unachomoza majini, mwekundu, mkubwa, wala haukuwa na haraka.

Nilimkuta mdogo wangu palepale. Deli alikuwa hajaliachia.

"Dada, ile maji inatufuata," akasema.

"Haitufuati. Inajaa."

"Itafika wapi?"

Nikaona hili ni swali ambalo ningeweza kulijibu. Nikamshika mkono, tukashuka hadi karibu na lile gari. Ukitazama ufuko wowote wa bahari utaona mstari wa takataka, majani, vipande vya makaa, maganda ya kaa, vilivyoachwa na maji ya mara iliyopita. Nikatafuta mstari wa asubuhi. Ulikuwa hatua mbili chini ya magurudumu ya mbele. Nikachukua fimbo yake ya kufukuzia dingo, nikaichomeka pale.

"Asubuhi yalifika hapa. Bahari inachukua saa kumi na mbili na nusu hivi kurudi ilipokuwa. Yatakuja hapa saa mbili na kidogo, yatasimama, halafu yataondoka."

"Nani amekuambia?"

"Baba."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumzungumzia baba. Sikuwa nimepanga. Nilimweleza alivyokuwa hana saa wala jedwali, anatazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukipevuka ni bamvua, na bamvua ya Pangani hujaa saa kumi, alasiri na alfajiri. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Ukifika mwezi nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Alichomeka kijiti pwani akanituma nikae kando yake, na nikirudi nyumbani kabla maji hayajakigusa aliniuliza, "Nani amekuruhusu kuondoka?" Niliyasema haya kwa wakati uliopita. Alikuwa akitazama. Alikuwa akinituma. Mdomo ulitangulia, mimi nikawa nyuma yake.

Yeye naye akasema yake. Alivuka Ziwa Tanganyika usiku, akiwa mtoto, mtumbwi umejaa watu wanaokimbia vita, maji yanaingia, mama yake anayatoa kwa kopo la maziwa. Hakujua kuna saa ngapi hadi Kigoma. Hakuna aliyemwambia. Tena ziwa halina kujaa na kupwa, na hilo sikuwahi kulifikiria. Miaka ya karibuni Tanganyika imepanda, imeingia Gatumba karibu na Bujumbura, na nyumba ya shangazi yake imekaa majini hadi wakaihama. "Kwetu," akasema, "maji ikija, imekuja."

Nikaelewa kwa nini viatu havikuvuliwa kule McKenzie.

Tukakaa juu ya mchanga, taulo moja mabegani mwetu sote, tukaitazama fimbo. Wenzetu wakaja mmoja mmoja, kwanza Mholanzi, ambaye alikuwa hajala kitu tangu jioni kwa aibu, kisha wengine. Niliwafafanulia kwa Kiingereza, na mara watu wakaanza kuwekeana dau la biskuti, wimbi lipi litaigusa. Dingo mmoja alipita kati yetu na gari, kichwa chini, akanusa mlango wa nyuma, akatutazama kidogo kama anayetuhesabu, akaendelea na njia yake. Kiongozi alisimama nyuma yetu na tochi kichwani hadi dingo akatoweka.

Saa mbili kasoro wimbi liliigusa fimbo. Saa mbili likaipita. Mdogo wangu alinibana mkono hadi vidole vikafa ganzi, wala sikumlaumu, maana hata mimi nilikuwa sijaupigia hesabu ule upepo wa kusi uliokuwa ukiyasukuma maji juu. Yakafika kwenye tairi la mbele. Yakalizunguka, yakachimba kijishimo, gari likashuka pua kama upana wa kiganja. Kiongozi hakusema kitu. Ulikuwa muda mrefu, na katika muda huo hakuna koleo lililoweza kusaidia, hakuna mafuta ya kukanyaga. Halafu likaja wimbi lililoishia kabla ya tairi. Linalofuata likalifikia. Linalofuata likaishia chini zaidi. Saa tatu fimbo ilikuwa imesimama kwenye mchanga mtupu, imepinda.

"Yameondoka," akasema.

"Yataendelea kuondoka hadi karibu saa tisa usiku."

Hapo ndipo nilipolia. Nilitembea hatua chache, nikakaa kwenye kivuli cha gari, nikalia kwa sauti ambayo upepo uliichukua, hadi kamasi na mchanga vikachanganyika. Hakuna aliyenifuata haraka. Baadaye yule dada wa Kijapani alikuja akaketi kando yangu, akaniwekea mapajani kipande cha tufaha alilolimenya kwa meno, maana kisu kilikuwa kambini.

Siwezi kusema msiba uliisha pale. Bahari ina jedwali, msiba hauna. Lakini tangu Ijumaa ile nilikuwa nimekanyaga mafuta tu, na ule usiku, kwa mara ya kwanza, nililazimika kukaa na kungoja kitu kipite kwa saa zake. Ni tofauti kubwa, hata kama kwa nje mtu anaonekana amekaa tu.

Tulisinzia ndani ya magari, miguu ya mtu kwenye uso wa mtu. Kulipoanza kupambazuka tulikuwa na nafasi fupi kabla bahari haijarudi tena. Gari bovu likavutwa kwa kamba, tukapita mabaki ya Maheno, meli ya abiria iliyojengwa mwaka 1905, ikawa hospitali wakati wa vita vya kwanza vya dunia, na mwaka 1935 ikatupwa pale na kimbunga ilipokuwa ikikokotwa kwenda Japani kukatwa chuma chakavu. Imebaki mbavu za kutu. Kwa kawaida magari husimama, watu hupiga picha. Sisi hatukusimama. Eli Creek tukaivuka maji yakiwa chini ya magoti, na kambini mtu akawasha jiko kabla hata ya kufungua mlango wa gari kikamilifu.

Yaliyofuata yalikuwa ya pesa. Bima za magari ya kukodi kisiwani kwa kawaida hazigusi uharibifu wa maji ya chumvi, na kulitoa gari K'gari kwa pantoni, likiwa juu ya gari la kuvutia, ni maelfu ya dola. Wenye gari walitaka kula amana yote ya kijana wa Kiholanzi na kumdai zaidi. Kijana akakaa kwenye kiti cha plastiki hosteli, uso umemwisha. Wenzake wa Ulaya walimpigapiga bega wakamwambia pole. Mimi na mdogo wangu tukatazamana, nikaomba kalamu.

Nilifungua ukurasa wa daftari, nikaandika jina langu juu na kiasi, na jina la mdogo wangu chini yake, nikaupitisha. Walichelewa kuelewa. Mmoja aliuliza kama ni mkopo. Nikamwambia kwetu hivi ndivyo watu wanavyozikana na kuozana, akacheka, akaandika. Daftari lilipozunguka hadi kwa kiongozi naye akatia noti, akasema tusimwambie mtu. Hazikutosha deni lote, lakini zilitosha kuwafanya wenye gari wakubali kubaki na amana na kuachia mengine.

Niliporudi Logan nilimpigia kaka kabla sijafua nguo. Nikamwambia nataka kuweka siku ya hitima, na nataka isomwe Pangani na huku kwa wakati mmoja: kwao saa tatu asubuhi, kwetu saa kumi alasiri. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nina uhakika, maana kila mara nilikuwa nikiahirisha. Nikamtajia Jumamosi. Akataka kujua nani atasoma huko ughaibuni, na watu watakula nini. Nikamjibu kwamba shehe yupo, Mrundi mmoja wa Logan, ameshakubali. Mama wa mdogo wangu atapika wali. Na sufuria kubwa nimeshaiazima, iko jikoni kwangu hivi tunavyoongea, ila mfuniko wake hauko.